Aliyefukuzwa Kwake ni Nani Kwetu?

Mwezi Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyekulia Dar es Salaam, alifika Korem nchini Ethiopia. Ukame na vita vilikuwa vimewang'oa maelfu ya watu makwao. Picha zake ziliigusa dunia, ikatoa chakula. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa. Akarudi kazini kwa mkono wa bandia.

Sisi wa Tarime na Serengeti tusiione habari hiyo kuwa ya mbali. Mapigano ya koo yamechoma nyumba kwetu pia. Tumewaona akina mama wakikimbia, mtoto mgongoni, bila hata chungu. Je, swali letu la kwanza lilikuwa lipi: "Ni wa ukoo gani?" au "Amekula?"

Picha haimwulizi mtu ukoo wake. Hutuonyesha uso wake. Basi tuombe nguvu hiyo ya moyo: tuumizwe, na bado tumtambue mwenzetu. Jioni ya leo, akibisha hodi aliyekimbia kwake, tumfungulie.

Dominika njema.