Bunduki Kuukuu ya Wenzo na Risasi za Kusubu: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kulipa



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya friji, magari yaliyotumika na mikataba ya simu. Leo tunataka kuzungumzia bidhaa ambayo mgeni wa Maine hukutana nayo mapema kuliko anavyotarajia. Novemba inakaribia, watu wa huku wanajitayarisha kuwinda kulungu, na mwenzako kazini anakuambia kwamba baba yake ameacha bunduki ya zamani ya wenzo. Anaiuza pamoja na chungu cha kuyeyushia, kalibu ya chuma, na ndoo nzima ya vipande vya risasi. Vyote kwa bei moja. Anakueleza kwamba ukijisubia risasi zako mwenyewe, nyama ya mwaka mzima itakugharimu senti chache. Je, ununue?

Jibu letu tunalitanguliza: bunduki inunue ikiwa imefaulu majaribio tutakayoyaeleza, ndoo na chungu viache, walau kwa mwaka wa kwanza.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Lugha yetu hutumia jina moja, risasi, kwa kitu kinachorushwa na bunduki na kwa madini ambayo kitu hicho hutengenezwa kwayo. Waliokulia katika vijiji vilivyokuwa na gobore wanalijua hilo bila kufundishwa. Lakini katika jambo letu la leo jina hilo moja huficha hatari mbili zilizo mbalimbali. Kwa hiyo tutasema “risasi” kwa kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa; tutasema “kichwa” kwa kile kinachoruka; na “madini ya risasi” kwa metali yenyewe.

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo mpigaji hushusha na kupandisha wenzo uliozunguka kifyatulio ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Winchester Model 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning na kutengenezwa mjini New Haven, Connecticut, hadi mwaka 2006. Zilitoka zaidi ya milioni 7. Mshindani wake mkuu ni Marlin 336, iliyoingia sokoni mwaka 1948. Nyingi kati ya hizo hutumia risasi ya .30-30, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1895 na hadi leo hupatikana katika maduka mengi ya vijijini. Kwa hiyo si ajabu kuikuta bunduki ya babu ikiwa bado inafanya kazi. Ajabu ni kudhani kwamba kwa kuwa imedumu, basi ni nzima.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao. Tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, haina mamlaka juu ya bunduki wala risasi. Sheria imezitoa katika orodha yake. Tume hiyo inaweza kuamuru kitanda cha mtoto kirudishwe kiwandani, lakini haiwezi kuamuru hivyo kwa bunduki. Mtengenezaji anaweza kuirudisha kwa hiari yake, nalo ni jambo jema anapolifanya. Lakini aliyenunua bunduki ya miaka 60 kwa mtu binafsi ndiye mkaguzi wa kwanza na wa mwisho.

Basi ikagueni hivi. Kabla ya yote, ielekeze upande usio na mtu, shusha wenzo, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Usiishie hapo. Bunduki hizi huweka risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, na risasi moja inaweza kubaki humo wakati chemba ni tupu. Ukipandisha wenzo, itaingia. Mwombe muuzaji aoneshe kwamba bomba nalo halina kitu. Muuzaji anayekasirishwa na ombi hilo amekusaidia: ondoka.

Wenzo ukiwa umebaki chini, weka karatasi nyeupe au kurunzi ndogo kwenye uwazi wa nyuma, kisha tazama kwa kupitia mdomo wa mtutu. Unataka kuona mifereji ya mzunguko iliyo wazi na inayong’aa. Madoa machache ya kutu ya zamani huvumilika. Kivuli kama pete, kilichozunguka mtutu mahali pamoja, hakivumiliki. Mara nyingi ni alama kwamba mtutu ulivimba kwa sababu mtu alipiga risasi huku kitu kikiwa kimeziba ndani. Bunduki hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote.

Tazama pia ukingo wa mdomo wa mtutu. Winchester 1894 haisafishiki kwa urahisi kutoka nyuma, kwa hiyo wenyewe wameipitishia ufito wa kusafishia kwa mbele mwaka baada ya mwaka, na ufito huo umekuwa ukisaga ukingo. Ukingo uliosagika upande mmoja hupoteza shabaha hata kama mtutu wote ni mzuri. Katika Marlin 336, kufungua skrubu moja ya wenzo huwezesha kutoa sehemu za ndani na kuisafisha kutoka nyuma. Ndiyo sababu mtutu wa Marlin iliyotunzwa vizuri mara nyingi huwa na ukingo mzima zaidi. Sisi, kwa mtu anayeanza, tungependelea Marlin kwa sababu hiyo tu.

Kisha tazama mti wa kitako pale unapoingia kwenye chuma, kwani hapo ndipo unapopasuka. Ukiwa na hakika kwamba bunduki ni tupu, pandisha nyundo, funga wenzo, na uisukume nyundo kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki, na gharama yake itoke katika bei.

Jina la risasi inayofaa lisome kwenye mtutu, usilichukue kinywani mwa muuzaji. Bunduki mbili zilizofanana kama mapacha zaweza kuwa moja ya .30-30 na nyingine ya .32 Special.

Kuhusu sheria tutasema machache. Dukani utajaza fomu namba 4473 ya serikali kuu na jina lako litachunguzwa. Kusema uongo ndani yake ni jinai, na kujifanya mnunuzi ilhali unamnunulia mwingine asiyetaka jina lake lionekane ni jinai pia. Aliyeingia nchini kwa viza ya muda amewekewa makatazo yenye masharti yake. Huyo amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajaishika bunduki ya mtu, achilia mbali kuinunua.

Tuje sasa kwenye risasi. Kwa sababu zimepangwa katika bomba, ncha ya risasi ya nyuma hugusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Kichwa kilichochongoka kinaweza kuigonga fataki hiyo wakati bunduki inaporuka nyuma, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, chini ya mkono wa mpigaji. Kwa hiyo bunduki za namna hii hutumia vichwa bapa au vya mviringo mpana. Vipo vya kiwandani vyenye ncha laini ya mpira vilivyotengenezwa mahsusi kwa bunduki hizi, navyo vinafaa. Vingine vyote vilivyochongoka viache.

Vichwa vya kusubu, yaani vilivyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, vinafaa sana kwa bunduki ya wenzo, maana huwa bapa na huendeshwa kwa mwendo wa wastani. Lakini vina tabia yake. Kichwa cha kiwandani cha .30-30, kilichovikwa shaba, kina kipenyo cha inchi 0.308. Kile cha kusubu kwa kawaida hutakiwa kizidi kidogo, inchi 0.309 au 0.310, ili kizibe mifereji sawasawa. Kikiwa chembamba, hewa ya moto hupenya pembeni, huyeyusha madini, na kuyapaka ndani ya mtutu. Mpigaji huona shabaha ikiharibika kadiri anavyoendelea, akailaumu bunduki. Mitutu ya Marlin iliyopigwa chapa “Micro-Groove” ina mifereji mingi isiyo na kina, nayo huhitaji uangalifu zaidi katika jambo hili. Vichwa vingi vya .30-30 huvishwa pia kikombe kidogo cha shaba kwenye kitako chake kuvikinga na moto huo.

Yote hayo unaweza kuyapata bila kuyeyusha chochote. Wapo wafanyabiashara wanaouza vichwa vilivyokwisha subiwa, kupimwa na kupakwa mafuta, na wapo wanaouza risasi kamili. Anayeanza atajifunza mambo mawili, bunduki na shabaha. Hana haja ya kujifunza la tatu, ufua metali, katika msimu huohuo.

Na hilo la tatu ndilo linaloingia nyumbani. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na wasubuji huyapasha zaidi ya hapo. Tone moja la maji, hata jasho au kipande chenye unyevu kutoka katika ile ndoo, likizama humo hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali ya moto usoni na machoni. Ndani ya ndoo yenyewe hamjui mna nini. Vyuma vya kusawazishia magurudumu siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, na zinki ikichanganyika huharibu chungu chote. Mabamba ya betri za gari ni mabaya zaidi, kwa kuwa kuyayeyusha kunaweza kutoa gesi zenye sumu. Ukiyakuta humo, usiyaguse kwa mikono mitupu. Yapeleke kunakopokewa betri chakavu.

Wengi huogopa moshi na kusahau vumbi. Takataka ya kijivu inayoenguliwa juu ya chungu, pamoja na unga unaobaki mikononi, kwenye viatu na kwenye mikono ya shati, ndiyo inayosafiri hadi kwenye zulia analotambaa mtoto. Hakuna kiasi cha madini ya risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Tangu mwaka 2021 mamlaka za afya za Marekani hulitazama kwa uangalifu zaidi kila jibu la damu linalofikia mikrogramu 3.5 kwa desilita. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, na mtoto mwenye nacho hucheza kama wenzake. Madhara yake huja polepole, katika kujifunza na katika tabia.

Kwa hiyo atakayesubu baadaye, na asubu nje au katika kibanda kilichojitenga na chenye hewa, amevaa miwani ya kinga, glavu na mikono mirefu. Chungu hicho kisirudi jikoni kamwe. Asile wala kuvuta sigara hapo, na nguo zake zifuliwe peke yake. Nyama ya kulungu nayo ikatwe mbali na jeraha, na iliyo karibu na jeraha wasipewe watoto wala mama mjamzito.

Bunduki ifungiwe kwa kufuli, na risasi zake zifungiwe mahali pengine. Na mkimpeleka mtoto kwa daktari kupimwa damu akiwa na mwaka 1 au miaka 2, mwambieni wazi kwamba kuna mtu nyumbani anayesubu au anayepiga risasi mara kwa mara, hata asipouliza. Huenda yeye akaulizia rangi ya zamani ya kuta peke yake.