Kibali Kwanza, Vyuma Baadaye

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia.)



Nimeombwa niongee juu ya vibali vya kujenga, hasa hizi nyumba za vyuma na mabati ambazo vikundi vingi vinazitaka kwa stoo ya mahindi, poshomili au mahali pa kukusanyia maziwa. Mimi si wakili wala si injinia. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi, na nitaanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka wa 2021 tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka minne. Tukaongeza harambee. Tulitaka stoo kubwa, ili wanachama wasiuzie madalali mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Fundi wa kuchomelea akatuambia, "Hii si nyumba. Ni nguzo na nati tu. Hakuna haja ya kibali, maana mkitaka kuiondoa mnafungua nati." Tulifurahi, tukamlipa. Kwa siku tisa nguzo zilikuwa zimesimama na mabati yako juu.

Siku ya kumi na moja tulikuta X kubwa ya rangi nyekundu kwenye mabati, pamoja na barua ya kutuamuru tusimamishe kazi. Nguzo mbili zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na jengo lote halikuwa na kibali. Tulifungua nati, kweli, kama fundi alivyosema. Vyuma tukavipata. Lakini simiti tuliyomwaga, kokoto, pesa za lori na mshahara wa mafundi havikurudi. Mavuno yakaja, mahindi yakakosa mahali, madalali wakayachukua kwa bei yao. Katika mkutano mama mmoja alisimama akaniuliza neno moja tu: "Hukuuliza?" Sikuwa na jibu.

Sheria inasema nini?

Zamani tulikuwa tunaenda kaunsil. Tangu mwaka wa 2013 kazi hii iko mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inasema mtu asianze kujenga bila kibali cha kaunti. Haijalishi kama ukuta ni wa mawe au wa mabati. Kinachoangaliwa ni kile unachofanya juu ya ardhi. Ukianza bila kibali, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Tena unaweza kuamriwa urudishe ardhi jinsi ilivyokuwa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua hata nati moja, kikundi kijiulize maswali matatu.

La kwanza: Ardhi ni ya nani? Msitosheke na neno la mdomo. Nendeni ofisi ya ardhi mfanye sachi, mwone jina lililo kwenye hati. Mwanachama akiwapa kona ya shamba kwa mdomo, siku akifariki watoto wake watasema, "Hili ni shamba la baba." Mkinunua au kukodi shamba la kilimo, pitieni bodi ya ardhi mpate ridhaa. Bila ridhaa hiyo mapatano yenu yanaweza kuwa bure mbele ya sheria.

La pili: Mpango unasema hapa ni mahali pa nini? Kaunti hugawa maeneo: hapa makao, hapa biashara, hapa viwanda vidogo, hapa kilimo. Mwulizeni afisa wa mipango awaonyeshe kwenye ramani. Stoo ya kuweka mavuno yenu na jengo la kusagia watu kwa malipo si matumizi ya aina moja. Ikiwa ardhi ni ya kilimo nanyi mnataka biashara, huenda mkahitaji kuomba kubadilisha matumizi. Ombi hilo hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kusema. Basi ongeeni nao mapema. Pimeni pia umbali kutoka barabara, laini ya stima na mpaka wa jirani. Kando ya mto msijenge: eneo linalolindwa ni kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kuanzia pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika.

La tatu: Ni nani amechora, na ni nani ametia sahihi? Michoro ifanywe na watu waliosajiliwa, na ile ya nguzo na msingi itiwe sahihi na injinia. Msione ni gharama ya bure. Jengo la mawe hushikwa na uzito wake. Jengo la mabati ni jepesi, na upepo ukiingia chini ya paa hulivuta juu. Ni injinia anayejua msingi uende chini kiasi gani na bolti za kushika nguzo ziwe nene vipi. Penye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, shida huwa kubwa zaidi.

Namna ya kuomba

Peleka fomu, michoro na karatasi za ardhi kwa ofisi ya mipango ya kaunti. Baadhi ya kaunti hupokea kwa kompyuta. Lipa ada ya serikali na upewe risiti. Pesa isiyo na risiti usiitoe. Hakikisha umepata ushahidi wa tarehe uliyopeleka, kwa maana sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Ukikataliwa, unaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ndani ya siku 14. Usikae na barua nyumbani ukinung'unika.

Uliza NEMA kama jengo lenu linahitaji ripoti ya mazingira. Mradi na mjenzi pia waandikishwe na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA.

Ndugu zangu, sisi tulianza upya, mahali pengine, na kibali mkononi. Stoo imesimama. Lakini ilituchukua misimu mitatu kurudisha pesa tulizozika kando ya barabara. Ombi langu ni moja. Mkirudi nyumbani, andikeni kwenye muhtasari wa mkutano: "Hakuna pesa ya fundi itakayotoka benki kabla kibali hakijasomwa mbele ya wanachama." Halafu wote mtie sahihi.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ardhi tunayotumia sasa iko kwa jina la nani?
2. Nani kati yetu atakwenda kumwona afisa wa mipango, na ataleta jibu lini?
3. Jengo letu likiwekwa X kesho, ni nani atakayepata hasara?