Njia ya Baiskeli na Wajibu wa Halmashauri

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, hata la mzaha: uendeshaji wa baiskeli kwa ajili ya burudani, na usimamizi wa mazingira uliokabidhiwa halmashauri zetu. Wapo watakaouliza, baiskeli ya starehe inatuhusu nini sisi tunaoijua baiskeli kwa kubeba madumu ya maji na gunia la mahindi kwenda mashineni? Swali hilo ni la haki. Nitajaribu kulijibu kwa kutazama mahali pamoja tu, kata ya Buger katika Wilaya ya Karatu, kwa sababu hapo mambo hayo mawili yanakutana juu ya kipande kimoja cha ardhi.

Buger ni kata ya wakulima na wafugaji, inayopakana na msitu wa Marang. Msitu huo, ulioko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zamani ulikuwa msitu wa akiba wa Serikali. Leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Kazi yake inajulikana. Hunasa ukungu na mvua, huyaweka maji ardhini, na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mtu anayeishi kando yake hahitaji mhadhara kuhusu thamani ya mti, wala hahitaji kuelezwa tembo ni nini, maana shamba linaanza pale hifadhi inapoishia.

Sasa, katika barabara ya lami itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro, magari ya wageni hupita kila siku. Tangu miaka ya 1990 vijiji kadhaa vya ukanda huo vimejifunza kumteremsha mgeni garini. Mto wa Mbu wanampa baiskeli na kijana wa kumwongoza, naye hupita kwenye migomba na mashamba ya mpunga, akala chakula cha mama wa kijijini na kulipa. Katika miinuko ya Karatu nako biashara hiyo imekwisha kuota mizizi. Ni biashara njema. Haina moshi, haihitaji mtaji mkubwa, na fedha yake inaweza kubaki pale pale inapopatikana.

Nasema inaweza. Maana gari la mgeni hupita katika barabara ambayo ina mwenyewe, lakini baiskeli hutafuta vijia. Hupita kati ya shamba la huyu na boma la yule, hukata kijito, hushuka mteremko ambao mifugo huupanda jioni. Kijia hicho si cha kampuni wala si cha mwenye hoteli. Ni ardhi ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, ambayo hushika dhamana hiyo kwa niaba ya wanakijiji wote. Hapo ndipo baiskeli ya starehe inapogeuka kuwa jambo la utawala.

Hapana budi turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya mamlaka hizi inasahauliwa upesi. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa, na kazi zao zikashikwa na watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Nia ilikuwa njema: kuisogeza Serikali karibu na mwananchi. Lakini mtumishi alisogea, na diwani akaondoka. Mijini taka zilirundikana, mifereji ikaziba, na kipindupindu cha mwishoni mwa miaka ya 1970 kikawakuta watu katika hali hiyo. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za kurudisha serikali za mitaa nchini kote zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Katiba yetu nayo, katika ibara za 145 na 146, inatamka kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Naeleza haya kwa sababu leo tunaishi katika hali inayofanana nayo kwa sehemu. Mwaka 2017 barabara za vijijini zilitolewa mikononi mwa halmashauri zikapewa wakala, yaani TARURA. Mwaka 2019 sheria mpya ya maji iliunda RUWASA, na maji ya vijijini yakafuata njia hiyo hiyo. Msitu wa Marang uko chini ya TANAPA. Sina ugomvi na wakala hizi. Zina wataalamu na zina mitambo, na mwenye kiu hajali jina lililoandikwa kwenye bomba. Ila umezuka ugonjwa mmoja ambao kila mtumishi aliyekaa katika ofisi ya kata anaujua. Mwananchi akileta malalamiko ya daraja, anaambiwa hilo ni la TARURA. Akileta la chemchemi, ni la RUWASA. Akileta la tembo, ni la hifadhi. Mwisho wake ofisi ya kata inabaki kuwa mahali pa kuelekezwa kwingine.

Ndugu zangu, kutekeleza kazi na kuisimamia kazi ni mambo mawili. Utekelezaji umehamishwa, lakini usimamizi haujahamishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira, na inazipa kamati za mazingira nafasi yake kuanzia wilayani hadi kijijini. Halmashauri ya wilaya ina kamati ya kudumu inayoitwa ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Litazameni jina hilo. Njia ya baiskeli inayopita Buger ni uchumi, kwa kuwa kuna fedha. Ni ujenzi, kwa kuwa kuna njia na vivuko. Na ni mazingira, kwa kuwa kuna udongo na maji. Hakuna jambo jingine linaloijaza kamati hiyo kwa ukamilifu kama hili, na bado nina hofu kwamba katika wilaya nyingi kamati hiyo hukaa robo baada ya robo bila neno baiskeli kutajwa hata mara moja.

Tuchukue udongo. Gurudumu likiteremka moja kwa moja kwenye mteremko laini huacha mfuo. Mvua ya kwanza hupita katika mfuo huo. Ya pili huuchimba. Baada ya misimu michache kilichokuwa kijia ni korongo, na mwenye shamba la chini anapokea mchanga juu ya maharage yake. Dawa yake haina siri: njia ikatize mteremko badala ya kuushuka, iwekewe vijifereji vya kutoa maji pembeni, na ifungwe siku za mvua kubwa. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu, ambako wakazi wengi wa Karatu wana asili yao, wanasifika tangu zamani kwa kulima milimani bila kuuacha udongo ukimbie. Ujuzi upo basi. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mwenye biashara kwamba njia itapita hapa na si pale.

Kuhusu maji, sheria hiyo ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mkulima mdogo huikumbuka mita hiyo kwa sababu yeye ndiye anayeng'olewa bustani yake. Ni lazima banda la kupumzikia waendesha baiskeli, pamoja na choo chake, lipimwe kwa kamba hiyo hiyo. Na taka? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa ya maji ya mgeni haikupigwa marufuku, na ng'ombe hajui tofauti.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa nataka halmashauri ishuke Buger na amri mkononi. Mwaka 1955 huko Uluguru wananchi walifanya ghasia kupinga matuta ya kilimo waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Matuta yenyewe yalikuwa na sababu zake za kitaalamu. Kilichokosekana ni ridhaa, na kazi ikafa. Sheria ya Serikali za Mitaa imelizingatia jambo hilo. Sheria ndogo ya kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji, wananchi hushirikishwa katika mkutano, kisha hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya kuthibitishwa. Ni safari ndefu kidogo, lakini ikifika mwisho kijiji kina maandishi yanayotamka njia ni ipi, nani anaruhusiwa kuongoza wageni, ada ni kiasi gani, inaingia katika akaunti ipi, na nani anasoma hesabu yake mbele ya watu. Bila maandishi hayo, makubaliano hufanyika kati ya meneja wa hoteli na mwenyekiti mmoja chini ya mti. Mwenyekiti akiondoka, makubaliano huondoka naye.

Vijana pia wanayo haki ya kuingia humo kama wenye mali, si kama wasukuma baiskeli za wengine. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana watano wenye baiskeli kumi na fundi wao si ndoto. Kinahitaji mwalimu wa kuwasaidia kuandika andiko, na ofisa maendeleo ya jamii wa kulisoma kabla ya mwezi kwisha.

Liko jambo moja zaidi ambalo hatulisemi kwa sababu tumezoea kudhani starehe ni ya wageni. Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na tamasha la michezo la Karatu limekuwa na mbio za baiskeli pamoja na za miguu. Mtoto wa Buger naye anapenda kuendesha baiskeli bila dumu nyuma. Njia iliyopimwa vizuri kwa ajili ya mgeni wa dola ni njia salama kwa mtoto huyo siku ya Jumamosi, na kwa mwalimu anayetoka shule moja kwenda nyingine. Kijiji kisikubali kamwe njia ambayo mwenyeji atafukuzwa asipite kwa kuwa mgeni amelipa.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na mtendaji wa kijiji ndiye mwandishi wake. Ombi langu kwa watendaji waliomo humu ni kwamba ajenda ya njia iandikwe, na kabla ya mkutano kamati ya mazingira itembee kwa miguu, ikifuatana na mtu wa TARURA, mtu wa RUWASA, askari wa hifadhi na walimu wawili watatu wa jiografia pamoja na wanafunzi wao. Matembezi hayo yafanyike katikati ya masika. Wakati huo maji yenyewe yataonyesha yanakotaka kupita, na kila aliyepo ataweza kunyoosha kidole mahali ambapo baiskeli haifai kupita.