Neno la Waimbaji Siku ya Yubile



Mwaka 1958, watoto na walimu wa Kamina, pamoja na Padri Guido Haazen, waliimba Missa Luba, wakafika nayo mpaka Ubelgiji. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilifuata nyimbo za wazee wao. Sehemu nyingi hazikuandikwa kwanza. Zilizaliwa katika kusikilizana.

Nasi wa Kalemie tunajifunza hapo. Tunafika mazoezini tumechoka, wengine wametoka kuvua ndagala usiku kucha. Hata hivyo tumegombania nani aimbe mbele. Tunaungama: aliyetaka kusikika peke yake aliharibu wimbo. Sauti ni zawadi. Kusikilizana ndiyo kazi.

Wazee wetu, tufundisheni nyimbo zenu kabla hazijapotea.