HOFU YA SARATANI KATIKA JICHO LA KUPANDIKIZWA
(Matini ya mazungumzo)



Tarehe 7 Disemba 1905, Daktari Eduard Zirm alimrejeshea nuru kibarua mmoja aliyepofuliwa na chokaa, kwa kumpandikiza konea ya mtu mwengine. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho. Tangu hapo tiba hiyo imeenea ulimwenguni, na swali la jamaa wa wagonjwa ni hili: iwapo marehemu aliyetoa jicho alikuwa na saratani, je, maradhi hayo hayatamhamia aliyepokea?

Jambo hilo ni nadra mno, ila si muhali. Konea haina mishipa ya damu. Hulishwa na machozi pamoja na maji yaliyomo ndani ya jicho. Saratani isafiriyo kwa damu haina njia ya kufika hapo. Figo sivyo, kwani imejaa damu, na saratani imewahi kuhamia kwa njia hiyo. Kwa hivyo aliyefariki kwa saratani ya titi huweza kukubaliwa kutoa konea, ilhali figo zake hukataliwa.

Hata hivyo, mwaka 1939 iliripotiwa kutoka Japani kwamba uvimbe uliota katika jicho lililopandikizwa konea ya mgonjwa wa saratani ya retina, maradhi yawapatayo zaidi watoto wadogo. Ndiyo maana benki za macho hukataa jicho lenye saratani ndani yake, na pia la aliyekuwa na saratani ya damu. Ukingo wa konea, palipo na mishipa ya damu, huhitaji hadhari zaidi.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kifichuacho kila saratani. Wapimaji hutazama maiti, husoma vyeti vya hospitali, kisha huwauliza wafiwa. Hapa ndipo penye uzito. Sisi tumelelewa kumsitiri maiti, na ni malezi mema. Lakini kumtajia daktari maradhi ya marehemu si kumvunjia heshima, maana yuko mtu hai atakayelala na konea ile.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini. Akishapandikizwa, akiona wekundu, maumivu au ukungu, afike hospitali siku hiyo hiyo. Aghlabu huwa ni mwili unaikataa konea, au vijidudu vimeingia, na yote mawili hutokea mara nyingi kuliko saratani.