Mtakatifu Maria De Mattias, Mwalimu wa Acuto

Somo letu ni juu ya mwanamke aliyejua kusoma bila kwenda shule.

Ukipanda gari moshi Dodoma kwenda Tabora, utapita Manyoni, kisha utafika Itigi. Hapo ipo hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Gaspar del Bufalo alikuwa padre wa Roma, nchi ya Italia. Mwaka 1822 alikwenda kuhubiri katika mji mdogo wa milimani, Vallecorsa. Miongoni mwa waliomsikia alikuwamo msichana wa miaka 17, jina lake Maria De Mattias.

Maria alizaliwa hapo mwaka 1805. Kwao walikuwa na mali, lakini siku zile wasichana hawakupelekwa shule. Tena wanyang'anyi walijaa milimani, wakiteka watu ili walipwe fedha. Basi Maria alikaa ndani. Baba yake alimsimulia habari za Biblia. Maria akataka kuzisoma kwa macho yake mwenyewe, akajifunza herufi bila mwalimu. Ninyi mnajua kazi hiyo ilivyo ngumu hata mwalimu akiwapo!

Baada ya mahubiri ya Padre Gaspar, alitamani kuwafaa wengine. Alingoja miaka mingi. Ndipo askofu alipomwita kijiji cha Acuto, na tarehe 4 Machi 1834 akafungua shule ya wasichana. Siku hiyo lilianza shirika la Masista Waabuduo Damu ya Kristo.

Sasa sikilizeni vizuri. Akina mama nao aliwakusanya, akawafundisha dini. Kwa desturi ya wakati ule, mwanamke hakuruhusiwa kuwahutubia wanaume. Lakini wanaume walikuja wenyewe kumsikiliza. Hata wachungaji wa kondoo, jua likisha kuchwa, walimwendea usiku awafundishe, naye aliwafundisha. Mchungaji wa Ugogo, asiyepata nafasi mchana, ataelewa kwa nini walichagua saa hiyo.

Watu wote Maria aliwaita jirani wapendwa. Alianzisha jumuiya 70 hivi za masista, nyingi katika vijiji vya mbali. Alifariki Roma tarehe 20 Agosti 1866. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 18 Mei 2003. Masista wake wanafanya kazi Tanzania pia.

Haya, shikeni kalamu. Mwalimu ataandika ubaoni: MCHUNGAJI, USIKU, JIRANI. Yanakilini, kisha kila mmoja aandike sentensi moja juu ya Maria.