Utumishi na Usomi: Ibra ya Maji ya Mlima Meru



Suala la kuunganisha utumishi na usomi lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa imepita hapa petu Arusha. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kuipinga sheria iliyowalazimu kulitumikia taifa, na Mwalimu Nyerere, kwa ghadhabu, akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Miezi mitatu hivi baadaye, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ikakutana papa hapa Arusha na kupitisha Azimio la Arusha, na baada yake ikafuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Azimio la Musoma la 1974 nalo likataka kijana afanye kazi kwanza, ndipo aingie chuo kikuu. Nia zote hizo zilikuwa njema, lakini kwa rai yangu utumishi uliwekwa kabla ya masomo au kando yake, aghalabu jembe likiwa mkononi, ilhali swali la mwanakijiji lilibaki nje ya mlango wa darasa.

Kwenye miteremko ya Meru swali hilo huonekana menoni mwa watoto. Kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, chemchemi nyingi zinazopita katika miamba ya volkano hubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo huwatia watoto madoa ya kahawia menoni, na ikizidi sana huipinda hata mifupa. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru haikulifumbia macho: chujio la maji la mtafiti wake, Dakta Askwar Hilonga, lilimpatia tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika mwaka 2015.

Hata hivyo, mwanafunzi ajaye na chupa zake, akachota kisimani, kisha akarejea maabara kuandika tarakimu, ametimiza nusu ya kazi. Laiti angeshinda jikoni siku moja, angemwona mama wa nyumba akivunja kipande cha magadi na kukitia katika sufuria ya makande, ili maharage yaive upesi na kuni zisiteketee bure; na magadi hayo yamkini yana floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Kumkataza ni rahisi, lakini je, kuni za ziada atazinunua nani? Hapo mkemia hana budi kumwita mwenzake wa uchumi, na wote wawili wamsikilize mama.

Napendekeza, basi, majibu ya vipimo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji kabla tasnifu haijatiwa alama, na maswali ya wanakijiji yaandikwe ndani yake kama sura kamili. Napendekeza pia kalenda ya chuo ilegezwe, kwani maji ya masika si maji ya kiangazi, na muhula mmoja hautoshi kuyapima yote mawili.